Mgombea mmoja na hesabu ya 233

Kila msimu wa kampeni hapa Kenya ahadi ni ileile: nikiingia Ikulu, nitabadilisha kila kitu. Muulize tu mgombea ana wabunge wangapi.

Bunge la Taifa lina viti 349. Kubadilisha Katiba ya 2010 kupitia Bunge kunadai thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani kura 233, na si mara moja: usomaji wa pili, kisha wa tatu. Seneti nayo itoe 45 kati ya 67. Baina ya usomaji wa kwanza na wa pili lazima zipite siku 90. Ukigusa muhula wa rais au ugatuzi, kuna kura ya maamuzi juu yake.

Mswada wa usawa wa kijinsia wa Februari 2019 uliungwa mkono na Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, wote wawili. Ulipata kura 174. Hesabu ni ya wabunge wote, si waliohudhuria, kwa hiyo anayebaki mkahawani akinywa chai amesema "la" bila kufungua kinywa.

Njia ya kubadilisha Katiba kwa saini milioni 1 za wapigakura? Machi 2022, katika kesi ya BBI, mpango wa Uhuru na Raila wa kurekebisha Katiba, Mahakama ya Juu iliamua kwamba rais hawezi kuianzisha.

Sheria ya kawaida ni nafuu, hutosha wingi wa kura za waliopo. Ila Mswada wa Fedha wa 2024 ulipita Bungeni Juni 25 vijana wakiupinga barabarani, na kesho yake rais mwenyewe akakataa kuutia saini.