Kuitafuta Almasi Chini Kabisa ya Minecraft

Katika Minecraft, mchezo wa kompyuta ambao dunia yake imejengwa kwa vitalu, kwa miaka mingi nilichimba almasi katika kimo cha 11, yaani vitalu 11 juu ya sifuri, kama nilivyozoea tangu mwanzo, hadi toleo la 1.18 lilipotoka mwishoni mwa 2021 na kuishusha sakafu ya dunia hadi hasi 64. Sasa almasi huanza kupatikana katika kimo cha 16 na huzidi kuwa nyingi kadiri unavyoshuka, kwa hiyo mimi huchimba katika hasi 58 au 59, juu kidogo ya mwamba usiovunjika.

Huchimba handaki moja refu, kisha matawi pembeni, nikiacha vitalu viwili kati ya tawi na tawi. Kazi hii inachosha, nakiri, lakini mchezo hupunguza almasi zinazogusana na hewa, na ndiyo maana mapango makubwa, pamoja na uzuri wake wote, hunipa kidogo kuliko ukuta niliouvunja mwenyewe. Sululu iwe ya chuma au bora zaidi. Ya jiwe huvunja kitalu na kukuacha mikono mitupu.

Usichimbe kamwe moja kwa moja chini ya miguu yako. Katika kina hicho lava hujaa mapangoni, nami nilitumbukia nikiwa na almasi saba, zikaungua zote pamoja na sululu. Tangu siku hiyo ndoo ya maji haitoki mkononi mwangu.