Kumbukumbu ya pasti: jaribio la 9, na upindo umeshika

Jana jioni, baada ya majaribio 8 ambayo yote yalinifumukia ovenini, nilitoa pasti 4 (duara la unga lililokunjwa nusu, likajazwa nyama, viazi na mboga, na kufungwa kwa upindo, yaani ukingo wa mikunjo, kisha likaokwa) zilizokuwa nzima kuanzia ncha hadi ncha, bila mchuzi kuungulia kwenye trei wala kiazi kuchungulia ubavuni. Naandika mapema kabla sijasahau nilichobadilisha, kwa sababu mara ya 6 nilikaribia kufaulu, lakini sikuandika chochote, na wiki iliyofuata sikuweza kurudia.

Nianze na jina, maana mradi wenyewe ulianza kwa kulikosea. Nilipohamia Hancock, kaskazini kabisa mwa Michigan, niliona neno “pasty” kwenye kibao cha duka, nikalisoma kwa mazoea yangu ya Kiingereza cha darasani, nikaagiza “peisti” mbili. Mama aliyekuwa akiuza aliinama kidogo kuficha kicheko, kisha akanirudishia neno taratibu: “pasti”, yenye “a” kama ya “pasi”. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba neno linaloandikwa hivyohivyo na kutamkwa “peisti” ni jina la vile vibandiko ambavyo wacheza dansi wa kumbi za usiku hufunika chuchu, na kwa siku kadhaa sikupita mtaa ule. Huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako chakula hiki kilitoka, wapo wanaoifupisha irabu hiyo na wapo wanaoivuta, lakini haigeuki kuwa “ei”. Sisi tunaosema “posta” na “pasta” bila kujikwaa hatuna kisingizio.

Wachimbaji wa Cornwall walikuja na pasti katika migodi ya shaba ya rasi ya Keweenaw kuanzia miaka ya 1840, na Wafini waliowafuata wakaipenda kiasi kwamba leo wapo wageni wanaodhani ni chakula cha Kifini. Rutabaga, lile jamii ya tanipu lenye nyama ya manjano, halikosekani hapa. Karoti ndiyo inayoleta ugomvi. Tangu mwaka 2011, jina la pasti ya Cornwall linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya: nyama ya ng’ombe isipungue asilimia 12.5 na mboga asilimia 25, kujaza kufanyike vitu vikiwa vibichi, na upindo ukunjwe ubavuni, si juu ya mgongo. Karoti haimo. Mimi pia siiweki karoti, kwa kuwa utamu wake hufunika ule wa rutabaga.

Sasa nirudi kwenye upindo, ulioninyima usingizi tangu theluji ya kwanza. Kosa langu la msingi lilikuwa kuichukulia pasti kama sambusa kubwa. Sambusa tunaifunga kwa uji mzito wa unga, na kwa kuwa manda ni jembamba na mafuta ya moto huikausha mara moja, gundi ile inatosha. Pasti hukaa ovenini karibu saa nzima, nyama na viazi vikitoa mvuke muda wote huo, na gundi ya unga hulainika kabla ganda halijakauka. Katika majaribio 3 ya mwanzo niliongeza uji kila mara, na kila mara mdomo ulifunguka mapema zaidi. Kisha nikaulaumu mkono wangu, nikanunua kile kifaa cha plastiki cha kubania kilichofanana na taya la mamba. Sikipendekezi kwa mtu yeyote: kinabana unga mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi kwenye mstari uleule unaohitaji unene, na sasa kinatumika kushikilia mfuko wa mchele usifunguke.

Tatizo halikuwa mkono wala gundi, bali donge la unga lenyewe. Nilikuwa nikifuata ushauri unaofaa kwa biskuti, kwamba unga wenye mafuta mengi usikandwe, na nilikuwa nikitia gramu 250 za siagi kwa gramu 500 za unga laini wa keki. Donge la namna hiyo huvunjika ukilikunja. Safari hii nilitumia unga wa mkate, ule wenye nguvu, gramu 500, mafuta magumu gramu 145 tu, chumvi kijiko kidogo kimoja na maji baridi gramu 175, halafu nikalikanda kwa dakika kumi kama ninayekanda chapati, hadi likawa linavutika bila kukatika. Kisha likalala kwenye friji saa 3. Usingizi huo sikuuthamini hapo awali, na nakiri kwamba katika jaribio la 7 niliufupisha kuwa dakika 40, matokeo yake duara nililosukuma likajirudi kama mpira na upindo ukawa unavutwa kutoka ndani.

Kubadilisha unga peke yake kusingetosha kama ningeendelea kuchanganya chumvi na mboga mapema. Chumvi hutoa maji kwenye viazi na vitunguu ndani ya dakika chache, na maji hayo yakishagusa ukingo, hakuna mkunjo utakaoshika. Sasa napanga viazi, rutabaga, vitunguu na nyama kwa tabaka juu ya duara, natia chumvi na pilipili manga mwishoni kabisa, nafunika, nabana kwa vidole, kisha naanza kukunja: kidole gumba kinasukuma, cha shahada kinalaza, mkunjo unaofuata unakalia nusu ya uliotangulia, kama mtu anayesuka ukili. Ncha mbili za mwisho nazikunja chini ya tumbo. Nilioka kwa nyuzi 200 za Selsiasi dakika 20, nikashusha hadi 165 kwa dakika 40.

Kuhusu vifaa, mizani na kisu kikali vinatosha. Mashine ya kukatia iligeuza viazi vyangu kuwa rojo, ilhali vipande vyembamba vya kisu huiva pamoja na nyama na kubaki na umbo. Mti wa kusukumia chapati nilioletewa kutoka nyumbani umeushinda ule mnene wa hapa, kwa sababu mkono unahisi unene wa unga.

Jaribio la 10 lilikuwa liwe la kulinganisha shahamu ya ng’ombe na siagi. Nimeliahirisha. Nilipokuwa nikihangaika na jina, nilikutana na habari za Real del Monte, katika jimbo la Hidalgo, Mexico, ambako wachimbaji wa Cornwall walifika kwenye migodi ya fedha katika miaka ya 1820. Huko pasti huitwa “paste”, na Kihispania huisoma kama Mswahili angeisoma, pa-ste, neno linalotofautiana kwa herufi ya mwisho tu na lile la Kiingereza lililoniaibisha dukani. Wao hutia pilipili pamoja na viazi na nyama. Donge la gramu 500 limo kwenye friji tangu saa kumi na moja alfajiri, pilipili ziko mezani, na bado sijaamua kama nizikate au nizisage.