Mafundi cherehani wa Kariakoo wanaingia kwenye runinga!

Jamani, shoo yetu ya mafundi cherehani imepata kituo! Ila msije kunipiga mizinga, sijalipwa hata senti. Ukiwa mgeni kwenye fani hii, mara nyingi kituo hakinunui kipindi; kinakuuzia muda wa hewani, wadhamini utajua mwenyewe. Tumebishana weee, mwisho tukakubaliana kugawana mapato ya matangazo. Wanataka vipindi 13, kimoja kwa wiki, yaani robo mwaka, kila kimoja dakika 26 ili nusu saa ibaki na nafasi ya biashara.

Kilichotutoa jasho ni redio ya muuza kahawa: singeli inasikika nyuma ya ugomvi mtamu kuliko yote, na wimbo una mwenyewe, huwezi kuurusha bila ruhusa yake. Mhariri kajaribu kuuchomoa, wapi! Tukakata nusu ya ugomvi. Haki za kuonyesha shoo YouTube sijakiachia kituo.