Poti ya bluu

Aliyenitia haraka ni jirani. Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, tumepanga vyumba vya mstari, na kinachoanikwa kwenye kamba kila mtu anakiona. "Mama Sharifu, mwaka na nusu bado pampasi? Wangu wote waliacha hata kabla ya kutembea." Aibu ikanishika. Nikaenda sokoni nikanunua poti ya plastiki, elfu nane au kumi hivi, nikamkalisha kijana kwa nguvu.

Balaa! Alijikaza kama ubao, akalia mpaka fundi cherehani akavuka barabara kuuliza kama kuna msiba. Siku ya tatu akaanza kuzuia haja. Siku nne nzima hakupata choo, tumbo gumu, akiiona poti tu anaingia chini ya meza. Ni mapapai na maji ndivyo vilivyotuokoa, tena kwa kilio. Poti nikaisukuma uvunguni.

Huko aliifufua mwenyewe. Mara kofia, mara debe la mchanga wa kuniuzia "posho". Nikamwacha.

Alipopita miaka 2 nikaanza kuona mambo. Anaamka usingizi wa mchana, pampasi kavu. Haja kubwa ikimbana anajificha nyuma ya pazia, amechuchumaa, macho yamemtoka. Kumbe sasa anajua! Ule wakati wa kelele za jirani hakuwa anajua kitu.

Ndipo mama mkwe akafika kutoka Tororo. Nilijiandaa kusemwa. Yeye akacheka tu: "Zamani tuliwakalisha hapa juu ya miguu, lakini huyu ameshakuwa gunia." Kila asubuhi mtoto akimaliza uji, anamtoa uani na poti yake, kwa sababu uji wa moto ukishuka na tumbo linaamka. Yeye anakaa kwenye kigoda akichambua maharage, hasemi neno. Baadaye anachukua kikombe na kumimina maji kwenye beseni, polepole, chururu, chururu, huku anatazama kwingine kabisa. Siku ya pili kijana akatulia, akasikiliza, akainama kuchungulia katikati ya miguu yake.

"Nyanya! Mvua!"

Pampasi za mchana zikaishia wiki hiyo. Usiku bado analowesha, natandika plastiki chini ya shuka wala sigombi. Choo cha shimo anakiogopa. Hata mimi ningekiogopa kwa urefu ule.

Juzi jirani amekuja kuazima poti, kwa ajili ya kitinda mimba wake. Nimempa. Nimemwambia tu airudishe kabla ya uji.