Mimi, Fundi Mitumbwi na Binti Yangu Mwenye Sikoseli

Hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, sisi tunaoishi kwa dagaa tunautazama mwezi wa angani kuliko kalenda ya ukutani. Giza likiingia, yaani siku ambazo mwezi hauonekani, mitumbwi inatoka na taa zake, na alfajiri ufukwe umejaa ndoo. Mbalamwezi ikishaanza kuwaka, dagaa hawafuati taa. Wavuvi wanapumzika, nasi wanawake wa kuanika tunakaa siku kumi hivi bila shilingi mpya kuingia mkononi. Binti yangu aliishiwa damu katikati ya mbalamwezi, Agosti 2019. Nilikuwa na shilingi elfu tisa.

Alizaliwa 2014, mzima kabisa, ananyonya vizuri. Alipofika miezi tisa, mikono na miguu ikavimba kama maandazi, akawa analia ukimgusa tu. Kwenye kituo cha afya nilikompeleka wakasema malaria. Mara ya pili, malaria. Mara ya tatu wakaniambia ni baridi yabisi. Bibi yake upande wa baba akampeleka kwa mganga, akachanjwa chale ambazo anazo mpaka leo. Miaka mitatu ilipita hivyo, hadi siku moja daktari kijana alipomfunua macho, akaona yalivyo ya manjano, akaniuliza, "Mama, huyu ameshapimwa sikoseli?"

Kipimo kikasema ndiyo. Nilidhani kupata jina la ugonjwa huu wa damu wa kurithi kutaleta amani nyumbani. Kulileta vita. Wakwe zangu walisema kwao damu hiyo haipo, kwa hiyo nimekuja nayo mimi. Mume wangu hakubishana nao. Mwaka 2018 aliaga kwamba anakwenda visiwani kuvua, nami nikamfungia nguo na unga. Hakurudi. Nilipiga simu mpaka namba ikawa haipatikani tena.

Sitaficha: niliwaamini. Usiku mtoto akilia kwa mifupa, nilikuwa namkanda huku moyoni namwomba msamaha, kana kwamba nimemtilia sumu kwa mkono wangu. Nilianza kuwakwepa watu mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Nilikuwa nafika, nanunua ndoo zangu, naanika, naondoka.

Basi ile Agosti. Aliamka amepauka viganja, moyo unakwenda mbio, hataki hata uji. Nikampakata kwenye daladala mpaka mjini, tukapanda kile kilima cha hospitali ya Bugando. Kiwango cha damu yake kilisoma 4, chini mno. Wakaanza kumwongezea usiku uleule, lakini niliambiwa nitafute ndugu wa kuja kuchangia ili benki ya damu irudishiwe. Nikawapigia ndugu. Mmoja akasema ana presha, mwingine yuko safari, wa tatu alinyamaza kwanza, kisha akasema damu ya ugonjwa ule haichezewi.

Nikampigia mwenyekiti wa kikoba chetu cha kuweka na kukopa, si kwa kuomba damu, nilitaka tu mtu wa kulia naye. Kesho yake saa nne asubuhi waliingia wanawake watatu wa kikoba, bado wananuka dagaa, na nyuma yao mwanaume niliyemjua kwa sura tu: yule fundi anayeunda mitumbwi karibu na mwalo wetu. Mkewe alikuwa amefariki miaka michache kabla, akamwachia watoto wawili. Alikuwa amesikia habari akiwa anagonga misumari, akaweka nyundo chini, akapanda nao daladala.

"Pole, dada," alisema. "Nionyeshe wanakotolea."

Hakusema zaidi. Alitoa, akanywa soda aliyopewa, akaenda kusimama mlangoni mwa wodi akimtazama mwanangu, kisha akarudi Igombe kumalizia kazi yake.

Wiki hiyohiyo, muuguzi mmoja alinikuta nimejikunyata kwenye benchi. Alipouliza nina nini, nikamwambia kwamba nimemuua mwanangu kwa damu ya kwetu. Akakaa. Akachukua kadi kuukuu, akaigeuza, akachora kwa kalamu watu wawili, baba na mama, kila mmoja kapakwa rangi nusu. Chini yao akachora watoto wanne: mmoja mweupe, wawili nusu nusu, mmoja mweusi tii.

"Mtoto haupati huu ugonjwa kwa mama peke yake," aliniambia. "Anachukua chembe moja ya urithi kwa mama na moja kwa baba. Mlikuwa wawili."

Nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini mchoro ule niliuelewa kuliko mahubiri yoyote. Akanieleza pia jambo ambalo wengi wanalikosea: ile moja katika nne inahesabiwa upya kwa kila mimba. Ukizaa mmoja mgonjwa, haina maana watatu wanaofuata watakuwa salama. Na akanieleza kwa nini tunayo sana sisi wa Kanda ya Ziwa. Mwenye chembe moja tu ya urithi huo haumwi sikoseli, na malaria kali haimwangushi kirahisi. Huku kwenye mbu wengi, watu wa namna hiyo ndio walionusurika zamani na kuzaa, wakaturithisha. Nchi nzima inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Nililia sana siku ile, lakini kilikuwa kilio kingine. Kadi ile ninayo.

Giza lililofuata, pesa yangu ya kwanza ilikwenda kwenye Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto, ambayo wakati ule ilikuwa 50,400 kwa mwaka. Ya pili nikanunua sweta na chupa ya maji ya lita moja. Kliniki walinifundisha kwamba baridi na kukaukiwa maji ndivyo vinavyoamsha maumivu. Chembe za damu zinapinda kama mundu, zinasongamana kwenye mishipa, hewa haipiti. Asidi ya foliki kila siku, chandarua kila usiku, na homa ikipanda hakuna kusubiri kesho. Shuleni nilikwenda mwenyewe kumwomba mwalimu amruhusu kunywa maji darasani na kutoka kila akibanwa na mkojo, maana alikuwa anachapwa kwa kutoka mara nyingi. Mwaka 2020 akaanzishiwa vidonge vya haidroksiyurea. Vinaufanya mwili utengeneze tena ile damu ya mtoto mchanga ambayo haipindi, ila lazima apimwe mara kwa mara, kwa sababu vinaweza kushusha chembe nyeupe. Tangu hapo kulazwa kumepungua mno.

Fundi je? Nilimpelekea sado ya dagaa kumshukuru. Akaipokea, akaniuliza, "Kwa nini mnaanika mchangani?" Nikamjibu chanja ni gharama. Wiki mbili baadaye nilikuta chanja mbili zimesimama pale ninapoanikia, kimo cha kiuno changu, zimeundwa kwa mabaki ya mbao za mitumbwi na kutandazwa nyavu zilizochakaa. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuinama mchangani tangu alfajiri hadi jua la saa saba anaweza kuelewa nilichohisi. Dagaa wangu wakawa hawana mchanga, wanakauka haraka kabla mvua haijawashika, na pale sokoni Mwaloni Kirumba wanunuzi wakawa wananipa bei nzuri. Dagaa wakilowa mvua wanageuka chakula cha kuku, na bei inakuwa ya kuku.

Mwanangu naye akaanza kushinda kwenye kazi yake. Wenzake wanaogelea ziwani, yeye maji ya baridi ni mwiko, na hilo lilikuwa linamuumiza kuliko sindano. Fundi akawa anamkalisha ndani ya mtumbwi mpya ukiwa bado nchi kavu, anampa pamba ya kuziba nafasi za mbao, halafu mtumbwi ukikamilika anampa brashi aandike jina ubavuni. Mitumbwi kadhaa inayoelea pale mwaloni imeandikwa kwa mwandiko wa binti yangu, herufi zimelala upande. Wenye mitumbwi hawakulalamika. Nadhani aliwaambia kitu.

Ilipita miaka miwili ndipo akazungumza. Tulikuwa tunageuza dagaa.

"Dada, mimi nataka tuishi pamoja. Sina maneno mengi."

Nilimjibu jibu ambalo nilikuwa nimeliweka tayari tangu siku ya ile kadi: "Fundi, kapime kwanza."

Hakukasirika. Tulikwenda wote. Majibu yake yalikuwa AS, yaani ana chembe moja ya sikoseli, kama mimi. Tulishuka kilima cha Bugando kwa miguu, hakuna aliyezungumza mpaka stendi. Nilikuwa nimeshajiambia basi, Mungu amenionyesha kisha amenyang'anya. Ndani ya daladala akasema polepole, "Kumbe mimi na wewe tuna chembe moja moja." Nikasema ndiyo. Akasema, "Watoto watatu wanatosha." Wawili wa kwake na mmoja wa kwangu.

Nilimkatalia mara ya kwanza. Nilijua mwanaume anaweza kusema hivyo leo, na baada ya miaka mitano mama yake akamwuliza mtoto wa ndoa hii yuko wapi. Na kweli mama yake aliuliza, tena mbele yangu. Fundi akamletea kadi yangu yenye mchoro, akamweleza taratibu watoto wanne wale, mmoja mmoja, kwa Kisukuma. Yule bibi akaishika kadi muda mrefu. Alikuwa amezika watoto wawili wachanga "waliokufa kwa kuvimba bandama." Akalia, akaniita mwanangu.

Tulifunga ndoa Januari 2022, bila ukumbi. Tunatumia uzazi wa mpango, na kuna siku nikiona kichanga cha jirani tumbo linanikata. Tumekubaliana kulisema hilo kwa sauti linapotokea.

Binti bado yuko shule ya msingi; magonjwa yalimrudisha nyuma darasa moja. Julai iliyopita, upepo wa ziwa ulipokuwa mkali, maumivu yalimkamata miguu usiku wa manane. Dawa ya maumivu tulimpa, maji alikunywa, homa hakuwa nayo. Kulikuwa na giza, mitumbwi ilikuwa inakaribia kutia nanga, na nilitakiwa niwe ufukweni kabla ndoo hazijaisha. Nikasita mlangoni.

"Nenda, mama," fundi alisema. Alikuwa amekaa kitandani, miguu ya mtoto mapajani kwake, anaikanda kwa kitambaa cha maji ya moto.

"Mama, ukipata wengi tumia chanja zote mbili," mtoto akasema huku amefumba macho.

Nilinunua ndoo sita. Nilipomaliza kutandaza jua lilikuwa linatoka, na kutoka pale chanjani niliona mlango wetu umefunguliwa, wote wawili wamekaa kizingitini, mtoto kajifunga blanketi langu, wanakunywa chai.