Sauti kwenye kaseti

Jana nimemaliza Drive My Car, ile filamu ya Kijapani ya 2021 iliyobeba Oscar ya filamu bora ya kimataifa. Karibu saa tatu nzima, jamani! Dada yangu alisinzia mapema, akaniachia korosho zote.

Kafuku ni mwigizaji na mwongozaji wa tamthilia. Mkewe, Oto, anafariki ghafla. Miaka 2 baadaye anaenda Hiroshima kuongoza mchezo wa Chekhov, mwandishi wa tamthilia wa Urusi, na ndani ya gari lake jekundu aina ya Saab anasikiliza kaseti ambayo mkewe alimsomea maneno ya mchezo huohuo, akimwachia nafasi za kujibu. Mke hayupo. Yeye anajibu.

Hapo nikasimamisha.

Marehemu mume wangu aliniachia ujumbe wa sauti kwenye simu, sekunde 14 tu: ninunue vitunguu, vya juzi vimeoza. Basi. Tangu nitoke eda sijaweza kuufuta, na nikiwa jikoni peke yangu huwa namjibu, "Nishanunua." Sijawahi kumwambia mtu.

Kingine, Kafuku ana hasira. Oto alikuwa na siri zake, naye Kafuku akanyamaza kwa kuogopa kumpoteza, mpaka siku anakiri kwenye theluji ya Hokkaido kwamba aliumia. Sisi tunaambiwa marehemu hasemwi vibaya. Sawa, lakini zile hasira tuziweke wapi?

Dada kaamka, kauliza imeishaje. Nikamwambia gari bado linatembea.