Ninavyotoa Maoni Kuhusu Mikahawa ya Unguja Mjini

Ofisi ninayofanyia kazi iko hatua chache kutoka Soko la Darajani, lile jengo la mwaka 1904, na kwa hiyo wakati wa chakula cha mchana hatukosi pa kwenda; tunachokosa ni makubaliano. Kila adhuhuri kulikuwa na ubishi wa wapi tule, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikijulikana kwa kula huku na huku, wenzangu walizoea kuniuliza. Nilianza kuwaandikia maoni mafupi na kuwatumia kwa simu. Wao wakawapelekea ndugu zao, ndugu zao wakawapelekea wengine, na baada ya muda nikawa napokea maswali kutoka kwa watu nisiowafahamu, wakiwemo Waunguja waishio Muscat na Dubai ambao hutaka kujua watakula wapi hata kabla hawajakata tiketi ya kuja likizo. Mimi si mpishi wala mwandishi wa habari. Ninachoweza kueleza ni namna nilivyoyafanya maoni hayo yaaminike katika mji mdogo ambao mwandishi, mpishi na msomaji huweza kukutana msikiti mmoja.

Jambo la kwanza nililoamua ni kuacha kusema kwamba chakula ni kitamu. Kwetu mtu husema hivyo kwa adabu, na mwenye nyumba hulipokea kwa adabu, bila yeyote kati yao kujifunza lolote. Msomaji anataka kujua sahani gani, iliyoliwa saa ngapi, siku gani. Nilikwishaona watu wawili wakibishana kuhusu mkahawa mmoja, mmoja akiusifu na mwingine akiuponda, na wote wawili walikuwa wakisema kweli, kwa sababu wa kwanza alikula saa sita na nusu mchana na wa pili alikula karibu na alasiri.

Tui la nazi halisubiri mtu. Nazi iliyokunwa asubuhi na kukamuliwa papo hapo hutoa wali na mchuzi wenye harufu yake kamili, lakini katika joto letu tui bichi huanza kuchachuka baada ya saa chache tu, na mchuzi unaopashwa moto kila anapoingia mteja mwishowe hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Kwa sababu hiyo, mkahawa wenye sifa ya mchuzi wa nazi huwa naujaribu mapema, kisha siku nyingine naurudia wakati sufuria iko ukingoni, na yote mawili nayaandika. Mpishi anayeweza kukupa mchuzi usiokatika saa tisa ama amepika kwa mafungu, ama ametumia tui la kopo. La kopo hujulikana kwa ule utamu wake usiobadilika na kwa kukosa harufu ya nazi mbichi. Sisemi kwamba la kopo ni haramu. Ninalolitaka ni msomaji ajue anacholipia.

Pilau nayo ina siku yake. Ijumaa sufuria kubwa huinjikwa kwa ajili ya watu wanaotoka kuswali, vitunguu hukaangwa hadi viive na kuwa vya hudhurungi, maana ndivyo vinavyoipa pilau rangi, uzile, iliki na mdalasini huingia bila choyo, na makaa hupaliwa juu ya mfuniko. Jumanne mkahawa huo huo huweza kupika kidogo juu ya gesi, kwa haraka, na sahani ikatoka nyeupe na yenye majimaji. Kumhukumu mpishi kwa pilau ya Jumanne ni kumwonea, na kumsifu kwa ya Ijumaa bila kutaja Ijumaa ni kumdanganya msomaji. Biriani naiandika peke yake, kwa kuwa mchele na masala yake hupikwa mbalimbali, na mara nyingi nimekuta masala yaliyopikwa kwa ustadi yakiwa yamelazwa juu ya mchele uliotiwa rangi tu.

Sehemu iliyonichukulia muda mrefu kuielewa, na ambayo wasomaji wangu huipenda kuliko zote, ni ile ya vyakula vya baharini. Maoni kuhusu pweza yasiyotaja mwezi hayana maana kubwa. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hukupwa mbali sana mnamo saa nne asubuhi, na wanawake kwa wanaume huingia miambani na vijiti vyao kuwatafuta pweza mashimoni. Mzigo huo hufika mjini mchana, na supu ya pweza ya jioni ya siku hizo ndiyo inayostahili kuitwa kwa jina lake. Maji yanapokuwa mafu, yaani yasipokupwa mbali, miamba haiachwi wazi, na wengi wa wauzaji hutegemea pweza aliyewekwa kwenye barafu. Aidha, baadhi ya vijiji vya pwani hufunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku miamba inapofunguliwa sokoni hujaa pweza wakubwa. Basi nikawa naandika tarehe ya mwezi mwandamo pembeni mwa kila sahani ya pweza. Wapo walionicheka mwanzoni, wakidhani napiga ramli ya nyota, lakini wavuvi walinielewa mara moja.

Katika hilo nilijifunza pia kutoamini ulaini. Wateja wengi hudhani pweza laini ni pweza mbichi wa leo, ilhali barafu yenyewe husaidia kulainisha nyama, na aliyetoka mwambani leo, asipopigwa vizuri na kuchemshwa kwa subira, huwa mgumu. Kinachomtambulisha ni mchuzi wake, ule utamu wa bahari usiohitaji pilipili nyingi kuufunika. Dagaa nao wana hesabu zao: huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapotawala wavuvi wake hupumzika, hivyo dagaa wa kukaanga wa siku hizo kwa kawaida ni wale waliokaushwa kabla. Kusi likivuma kwa nguvu, vyombo vidogo hubaki pwani, bei ya samaki hupanda, na kipande cha nguru kwenye sahani hupungua bila sahani kupunguziwa bei. Mambo haya nayapata diko la Malindi, pale mjini wavuvi wanaposhushia samaki, ambako mimi hupita asubuhi kabla ya kazi. Mtu anayetaka kuandika kuhusu samaki wa mkahawani bila kufika dikoni anajinyima nusu ya habari.

Urojo ni rahisi kuuandika na ni mgumu kuafikiana juu yake, kwa sababu kila Mzanzibari ana muuzaji wake tangu utotoni. Mimi huangalia mambo machache. Rojo lenyewe liwe limepikwa hadi unga umeiva, usibaki na ladha ya ubichi. Ukali wake utoke kwenye embe mbichi, na embe zinapoadimika, ndimu au ukwaju. Bajia na kachori ziwe zimekaangwa kwa mafuta ambayo bado yanakuonyesha kitako cha karai. Bajia iliyokaangwa katika mafuta yaliyochoka huwa nyeusi nje na hujaa mafuta ndani, na ukiitia kwenye rojo huacha utando juu. Chatne ya nazi na chipsi za muhogo nazipa uzito mdogo, ingawa najua wapo watakaoniona sina adabu kwa kusema hivyo. Pale Forodhani, bustani iliyofunguliwa tena mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Aga Khan Trust for Culture, ushauri wangu kwa mishikaki na samaki ni kuomba kitiwe motoni kile ambacho bado hakijapikwa, na kusimama hapo hapo kukitazama.

Bei ilinisumbua kwa namna nyingine. Tangu Mji Mkongwe uingie katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, watalii wamekuwa wengi katika vichochoro vyetu, na ipo mikahawa yenye orodha ya bei kwa dola na bei nyingine ya mdomoni kwa mwenyeji. Ninaandika bei niliyolipa mimi, kwa shilingi, pamoja na tarehe, na nikijua kwamba mgeni alilipa zaidi kwa sahani hiyo hiyo naandika na hilo. Ramadhani, ambapo mikahawa mingi hufungwa mchana, sitoi maoni ya mikahawa kabisa. Kila mtu yuko kwao na futari yake.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni ukarimu. Watu walipoanza kunijua, hesabu zangu zilikuwa hazitoki.

"Ami, nadaiwa kiasi gani?"

"Unadaiwa nini, mwanangu? Umekula kwako."

Kukataa ni kumvunjia mzee heshima mbele ya wateja wake, na kukubali kisha kuandika ni kuwauzia wasomaji sifa iliyolipiwa. Nilichoamua ni kukubali kwa shukrani na kutoandika neno kuhusu mlo huo. Nikitaka kuandika, narudi siku nyingine saa ambayo mwenyewe hayupo, au nalipa kabla ya kuketi. Niliwahi kufikiria kumtuma mpwa wangu akaninunulie chakula cha kufungasha, lakini chakula kilichofungwa hujipika kwa mvuke wake njiani, na bajia ikifika imelegea sitaweza kujua kosa ni la mpishi au la mfuko.

Kuhusu chakula kibaya, mizani yangu haina usawa, na sioni haya kulisema. Mama lishe anayepika sufuria moja ya wali hununua mchele wa kesho kwa mauzo ya leo. Neno langu baya likisambaa asubuhi, jioni hana mtaji. Hoteli inayotoza dola ina meneja, ina wapishi kadhaa, na ina uwezo wa kusikia lawama na kujirekebisha. Kwa hoteli naandika yote, mazuri na mabaya. Mama lishe mimi humwendea pembeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wali umekushinda leo?"

"Wali mzuri, bibi, ila maharage yamezidi chumvi."

Mara nyingi huwa wameshajua. Bibi huyo aliniambia kwamba binti yake alitia chumvi akidhani yeye hajatia, akanionyesha sufuria ya pili iliyokuwa jikoni, na nikaonja maharage ya nazi ambayo niliyaandika siku hiyo hiyo. Pale ambapo hapabadiliki kitu, hunyamaza. Hata hivyo kimya changu nacho kikaanza kusomwa: kuna mwenye kibanda aliyenisimamisha njiani akauliza mbona nimemwandika jirani yake wa kulia na wa kushoto na yeye nikamruka. Nilimjibu ukweli, kwamba mafuta yake ya kukaangia yamechoka. Hakufurahi. Bado ananiuzia chai, na mafuta aliyabadilisha, nami nikamwandika.

Suala la afya silinyamazii, awe mkubwa au mdogo. Jodari aliyeachwa kwenye joto baada ya kuvuliwa hujenga histamini mwilini mwake, na histamini haiondoki kwa kupikwa. Mlaji huhisi ulimi unamwasha, uso ukamwiva, na kichwa kikamuuma. Katika mkahawa mmoja nilihisi mwasho huo kwenye tonge la kwanza, nikamwita mwenyewe faraghani. Aliliondoa sinia zima mbele yangu, akawarudishia fedha waliokwisha kulipa, na kwa kitendo hicho niliandika kuhusu jodari kwa urefu bila kuutaja mkahawa wake. Angebisha, ningeutaja. Baadhi ya wasomaji waliona nimemlinda. Mimi naona aliwalinda wateja wake haraka kuliko ambavyo maandishi yangu yangeweza.

Siku hizi kazi kubwa zaidi ni kuyafuta maoni ya zamani. Mikahawa hupenda kuyachapisha na kuyabandika ukutani, na karatasi hubaki hapo hata mpishi akishaondoka, ilhali mimi nilimsifu mpishi, si ukuta. Nimeanza kuandika mwisho wa kila maoni kwamba yanahusu aliyekuwa jikoni mwezi huo, na ninapopata habari kwamba amehama, nayaondoa na kuwajulisha waliokwisha kuyapokea. Wiki iliyopita niliufuta mkahawa mmoja wa biriani niliokuwa nikiusifu kwa muda mrefu. Fundi wake amehamia Chukwani, nimeambiwa anapika Ijumaa tu, na nafasi kwenye daladala nimeshawawekea wenzangu wawili.